Kubemenda na Uzazi wa Majira: Mila, Nafsi na Afya ya Mtoto katika Mitaa ya Kariakoo

Katika mitaa ya Kariakoo, kama ilivyo katika sehemu nyingi za jiji la Dar es Salaam na mwambao wake, mtoto anayenyonya akianza kukonda, kuharisha mara kwa mara au kuchelewa kusimama, liko neno moja linalonong'onwa uani kabla hata hajapelekwa kliniki: amebemendwa. Maana yake ni kwamba wazazi wake wamevunja mwiko. Ama wamerudiana kimwili kabla mtoto hajafikia umri unaokubalika, ama mmoja wao ametoka nje ya ndoa na kurudi na "joto" la mtu mwingine. Yasemwa kwamba mbegu za baba huyaharibu maziwa ya mama, na maziwa yakiharibika mtoto hudhoofika.

Aliyepata mafunzo ya tiba huweza kulisikia neno hili akatabasamu, akaliweka katika fungu la ushirikina, kisha akaendelea kugawa vidonge. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kufanya hivyo ni kosa. Ndani ya imani ya kubemenda mna elimu ya kale kuhusu nafasi kati ya mtoto na mtoto, na elimu hiyo ni kweli nusu na si kweli nusu. Mwalimu wa afya asiyezitenganisha nusu hizo mbili hushindwa kazi yake, na anayelipa gharama ya kushindwa huko ni mtoto.

MAHALI PENYEWE

Kariakoo ilipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, waliopiga kambi hapo baada ya mji kutekwa na Waingereza mwaka 1916. Baada ya vita mahali hapo palikua pakawa makao ya Waafrika waliotoka pande zote za nchi. Wazaramo wa maeneo ya jirani waliishi mlango kwa mlango na Wamanyema, Wanyamwezi, Wangindo, Waluguru na wengineo. Jengo la soko lililochorwa na msanifu Beda Amuli lilifunguliwa mwaka 1975, likaungua mwezi Julai mwaka 2021, na katika miaka yote hiyo biashara imeendelea kuwa ndiyo moyo wa mitaa hiyo.

Kwa muda mrefu nyumba ya kawaida ya Kariakoo ilikuwa ile ya vyumba sita: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, baraza mbele, na uani nyuma penye jiko na choo cha wote. J. A. K. Leslie aliieleza nyumba hiyo kwa kirefu katika kitabu chake cha uchunguzi wa jiji kilichochapishwa mwaka 1963. Kila chumba kiliweza kuwa na mpangaji wake, na kila mpangaji alikuwa na jamaa yake. Siku hizi nyumba nyingi za namna hiyo zimebomolewa na maghorofa yamesimama mahali pake, lakini jambo moja halijabadilika sana. Maisha ya watu wazima wawili na watoto wao hupitia mlango mmoja mwembamba, na majirani huona ni nani anayeingia na ni nani anayetoka. Katika mazingira haya afya ya mtoto si siri ya wazazi peke yao. Mwili wa mtoto husomwa na nyumba nzima kama ushahidi wa mwenendo wa baba na mama.

CHOMBO CHA MILA

Nafasi kati ya mtoto na mtoto haikuletwa Afrika ya Mashariki na madaktari. Makabila mengi yalikuwa na kanuni zake, nazo hazikuachwa zielee hewani. Zilijengewa chombo cha kuzitekeleza.

Sehemu ya kwanza ya chombo hicho ilikuwa mafunzo. Miongoni mwa Wazaramo, ambao sherehe zao zilichunguzwa na Marja-Liisa Swantz katika miaka ya 1960, mwali alifundishwa mambo ya utu uzima na wanawake wa makamo. Kungwi au somo alikuwa na haki ya kumwambia mambo ambayo mama mzazi aliona haya kuyataja. Sehemu ya pili ilikuwa mahali: mara nyingi mzazi, hasa wa mtoto wa kwanza, alirudi kwa mama yake, akakaa huko zaidi ya siku arobaini. Umbali wenyewe ulikuwa kinga. Sehemu ya tatu ilikuwa ziwa: mtoto alinyonya mchana na usiku kwa muda wa miaka miwili hivi. Sehemu ya nne ilikuwa hofu, na hofu hiyo ndiyo iliyoitwa kubemenda.

Kwa Waislamu, ambao ni wengi katika mitaa hiyo, mila ilikutana na dini bila ugomvi. Kurani, katika sura ya Al-Baqara, aya ya 233, inataja miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa anayetaka kuitimiza. Wanazuoni wengi, akiwamo Imamu Ghazali aliyefariki mwaka 1111, waliruhusu azli, yaani mume kujizuia ili mimba isitungwe. Kwa upande wa Wakristo, Kanisa Katoliki katika waraka wa Papa Paulo wa Sita wa mwaka 1968 lilikataa njia za kutengenezwa, lakini lilikubali kwamba wazazi waweza kuwa na sababu za haki za kuachanisha uzazi kwa kufuata majira ya mwili. Kwa hiyo mabishano yaliyozuka mara kwa mara kuhusu jambo hili yalihusu njia zaidi kuliko shabaha yenyewe.

NUSU ILIYO KWELI NA NUSU ISIYO KWELI

Sayansi yasema nini juu ya maziwa na mbegu? Maziwa hutengenezwa katika tezi za titi kutokana na vitu vinavyoletwa na damu. Hakuna njia ya mwilini inayopeleka mbegu za mwanamume kutoka mfuko wa uzazi mpaka kwenye titi. Kukutana kwa mume na mke, kwenyewe, hakuyadhuru maziwa wala mtoto. Hii ndiyo nusu isiyo kweli.

Lakini kukutana huko kwaweza kuleta mimba, na hapo ndipo nusu ya pili inapoanza. Mimba mpya hubadilisha homoni za mama. Maziwa hupungua, na ladha yake huweza kubadilika. Kwa desturi mama akijitambua kuwa ni mjamzito humwachisha ziwa mtoto ghafla, pengine kabla hajatimiza mwaka, akampa uji mwepesi wa mahindi usio na mafuta, maharage wala samaki. Mtoto huyo hukosa chakula kinachomfaa na papo hapo hukosa kinga aliyokuwa akiipata katika maziwa. Kuhara humvamia, kuhara humkondesha, na kukonda humfanya ashindwe kupigana na kuhara kunakofuata.

Mwaka 1935 daktari Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi katika nchi ambayo leo ni Ghana, aliupa ugonjwa wa unyafuzi jina ambalo sasa linatumika duniani kote: kwashiorkor. Jina hilo hakulibuni. Alilichukua kutoka kwa akina mama wa Kiga, ambao kwao lilikuwa na maana ya ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa mahali pake na mdogo wake. Akina mama wa Accra na akina mama wa Kariakoo, ambao hawakupata kukutana, waliona jambo lilelile. Wote walitambua kwamba mtoto huugua anapofuatwa upesi mno, na kila upande ulitafuta maelezo yake. Leo inafahamika kwamba unyafuzi una sababu nyingi zinazoshikamana, lakini uhusiano kati ya uzazi wa karibu karibu na udhaifu wa mtoto umethibitishwa. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba baada ya mtoto kuzaliwa akiwa hai ipite angalau miezi 24 kabla ya kutafuta mimba nyingine.

Ziwa nalo ni kinga ya kweli, ila ina masharti. Mtoto anaponyonya, homoni ya prolaktini huongezeka, na utaratibu wa kupevusha mayai huzuiwa. Wataalamu waliokutana Bellagio, Italia, mwaka 1988 walikubaliana kwamba mama anayemnyonyesha mtoto bila kumpa chakula kingine, ambaye hajarudi katika hedhi, na ambaye mtoto wake hajatimiza miezi 6, amekingwa na mimba kwa kiasi cha asilimia 98. Sharti moja likivunjika, kinga hiyo haiaminiki tena.

MJI ULIVYOKIVUNJA CHOMBO

Yafaa sasa kuangalia jinsi maisha ya mjini yalivyovigusa vipande vya chombo hicho, kimoja baada ya kingine.

Mama anayeuza mboga au vitenge sokoni hawezi kukaa miezi kwa mama yake, kwa maana kizimba kikikaa kitupu hupata mwenyewe mwingine. Anamwacha mtoto wa miezi mitatu kwa msichana wa kazi, na mtoto anapewa uji au maziwa ya kopo. Idadi ya kunyonya inapungua, na kinga ya ziwa inaondoka kimyakimya bila mama kuwa na habari. Mume na mke wanalala chumba kimoja, kwa kuwa chumba cha pili kina kodi yake. Kungwi amebaki kijijini, au akiitwa mjini huitwa kwa sherehe ya usiku mmoja, si kwa mafunzo ya miezi. Kati ya vipande vinne, kilichobaki kizima ni kimoja tu, nacho ni hofu.

Hofu isiyo na chombo cha kuitekeleza haimlindi mtu, humhukumu tu. Utafiti wa Columba Mbekenga na wenzake, uliofanywa katika kitongoji kimoja cha Ilala na kutangazwa mwanzoni mwa miaka ya 2010, ulionyesha jinsi wanaume kwa wanawake walivyoendelea kuamini kwamba kujizuia kwa muda mrefu baada ya uzazi ni kinga ya mtoto. Ulionyesha pia mgogoro uliomo: mke anatazamiwa ajizuie, lakini mume anahesabiwa kuwa hataweza, na akienda nje huweza kurudi na virusi vya UKIMWI. Mwiko uliowekwa ili kumlinda mtoto ukawa mlango wa hatari kwa jamaa nzima.

Iko hasara nyingine ambayo haionekani upesi. Mama ambaye mtoto wake amekonda anajua majirani watasema nini. Kumpeleka kliniki, avuliwe nguo na kupimwa mbele ya wanawake wenzake, ni kama kukiri hatia. Basi anamfunika kwa khanga, anatafuta dawa za miti jioni, anangoja. Mtoto mwenye umri wa kati ya miezi 6 na miaka 5 ambaye mzingo wa mkono wake wa juu haufiki sentimita 11.5 ana utapiamlo mkali na anahitaji tiba bila kukawia. Wiki mbili za aibu zaweza kumgharimu maisha.

NJIA ZA NAFSI

Wataalamu wa elimu ya nafsi wamechunguza jinsi binadamu wanavyoamua mambo yaliyo na hatari ndani yake. Mambo matatu katika elimu hiyo yanahusika hapa.

La kwanza ni nguvu ya kisa kimoja. Mwanamke mmoja wa uani akitokwa na damu nyingi baada ya kuwekewa kitanzi, habari yake itafika mtaa wa pili kabla ya magharibi. Wanawake ishirini wanaotumia njia hiyohiyo kwa salama hawana kisa cha kusimulia. Akili hupima hatari kwa wepesi wa kukumbuka, wala haipimi kwa hesabu.

La pili ni kwamba hofu nyingi zina mzizi wa kweli. Yasemwa kwamba vidonge hukausha maziwa. Ni kweli kwamba vidonge vyenye homoni ya estrojeni huweza kupunguza maziwa, na ndiyo maana anayenyonyesha mtoto mchanga hupewa vya aina nyingine. Yasemwa kwamba sindano huzuia damu, nayo damu hujikusanya tumboni. Ni kweli kwamba hedhi huweza kukoma, lakini hakuna damu inayojikusanya, kwa sababu homoni hufanya utando wa ndani wa mfuko wa uzazi ubaki mwembamba, hivyo hapana cha kutoka. Yasemwa kwamba sindano huleta ugumba. Sivyo, ila baada ya sindano ya mwisho ya Depo-Provera huweza kupita miezi 10 hivi kwa wastani kabla ya kupata mimba, na mama ambaye hakuambiwa hilo mapema atahesabu miezi hiyo kwa machozi.

La tatu ni ukimya. Mke hudhani mume hataki. Mume hudhani mke ataona hapendwi. Kila mmoja anatii amri ambayo mwenziwe hakuitoa. Katika ndoa ambamo mambo haya hayatajwi, uamuzi hutolewa na dhana. Na nyuma ya ukimya kuna sababu nzito: mtoto ni jina la babu linaloendelea, ni heshima ya mke ukweni, ni mkono wa kushika uzeeni. Methali isemayo kila mtoto huja na riziki yake haikutungwa na wajinga. Ilitungwa na watu waliozika watoto wengi. Hata mwaka 1999 Tanzania ilikuwa ikipoteza watoto 147 katika kila 1,000 kabla hawajatimiza miaka mitano. Kufikia uchunguzi wa mwaka 2022 idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi 43. Mzazi hukubali kuzaa wachache anapoanza kuamini kwamba aliowazaa watakua.

LUGHA ILIYOFANYA KAZI

Huduma hizi zilianza Dar es Salaam mwaka 1959, kwa chama kilichokuja kuitwa UMATI, yaani Chama cha Uzazi na Malezi Bora Tanzania. Yafaa msomaji aliangalie jina hilo: halisemi kuzuia wala kupunguza, linasema uzazi na malezi bora. Mwaka 1974 huduma hizo ziliingizwa katika mpango wa serikali wa afya ya mama na mtoto, na mwaka 1989 mpango wa taifa wa uzazi ulianzishwa. Maneno "uzazi wa majira" yalienea hata vidonge vyenyewe vikaitwa majira mitaani. Mkulima hapandi juu ya mmea ambao haujavunwa. Neno hilo liliingia kwa sababu lilikuta nafasi yake tayari katika fikira za watu.

Mwezi Julai mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kutangaza mchezo wa Twende na Wakati. Watungaji walifuata mafundisho ya Albert Bandura, kwamba watu hujifunza mwenendo mpya kwa kuwatazama wengine wanaofanana nao. Mkwaju, dereva wa lori mwenye hawara kila kituo, na Tunu mkewe, aliyejifunza polepole kujisimamia, walijadiliwa vibarazani kama majirani. Kwa kuwa Dodoma haikutangaziwa mchezo huo mpaka mwaka 1995, watafiti Everett Rogers, Peter Vaughan na wenzao waliweza kulinganisha. Palipotangazwa mchezo, mazungumzo ya mume na mke kuhusu uzazi yaliongezeka, na matumizi ya njia za uzazi wa majira yakaongezeka kuliko Dodoma. Mchezo haukufundisha elimu mpya sana, ulivunja ukimya.

Katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 1991/92 wanawake walioolewa waliokuwa wakitumia njia za kisasa walikuwa asilimia 7. Mwaka 2022 walikuwa asilimia 31. Wastani wa watoto kwa mwanamke ulishuka kutoka 6.2 hadi 4.8. Mabadiliko ni makubwa. Hata hivyo asilimia hiyo haikupanda tangu mwaka 2015/16, ilipokuwa 32. Ni dhahiri kwamba kazi iliyosalia haitamalizwa na shehena za dawa peke yake.

MFANO WA MAZUNGUMZO

Tuseme bibi amemleta mjukuu aliyekonda, pamoja na mama yake aliyeinamisha kichwa. Muuguzi aweza kusema, "Hakuna kubemenda, hizo ni imani potofu." Atakuwa amesema nusu ya kweli, na bibi hatarudi. Lakini aweza kuanza hivi:

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi, zamani mlimlindaje mtoto asibemendwe?"

"Mzazi alikaa kwa mama yake mpaka mtoto atembee, ashibe ziwa."

"Basi kliniki nayo inataka hivyohivyo: atembee, ashibe ziwa, ndipo mwenziwe aje. Siku hizi binti yako hawezi kuondoka mjini, ana biashara. Ziko njia za kumpa nafasi hiyo akiwa nyumbani kwa mumewe, na maziwa yake yasidhurike. Mtoto huyu hakuharibiwa na tendo la wazazi; kilichompungukia ni chakula, na kuhara kumemmaliza nguvu. Leo tuanze kumtibu."

Katika maneno hayo machache hatia imeondolewa, shabaha ya mila imeheshimiwa, na kosa la kisayansi limesahihishwa. Bibi, ambaye angekuwa mpinzani, amepewa kazi yake ya zamani ya ukungwi. Mwacha asili ni mtumwa, wahenga walisema. Lakini asili ya mwiko huu haikuwa hofu. Asili yake ilikuwa mtoto apate zamu yake kamili mapajani mwa mama yake.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Taja miiko ya uzazi unayoifahamu katika jamii yako. Ni shabaha gani ya afya iliyomo ndani ya kila mmoja?

2. Ni vipande vipi vya chombo cha mila vilivyovunjika mahali unapoishi, na ni kitu gani kimeshika nafasi yake?

3. Kwa nini mama wa mtoto mwenye utapiamlo huweza kuona haya kwenda kliniki? Majirani waweza kufanya nini ili aende mapema?

4. Akina baba wanahitaji kuelezwa mambo gani kabla ya mtoto kuzaliwa, na ni nani anayefaa kuwaeleza?